Ligi kubwa, chuo cha kati, FCS au Ivy: kijana wa mstari wa mbele asaini wapi?

Katika familia nyingi za Waswahili waliohamia Marekani, futiboli ya Kimarekani huingia nyumbani bila kupiga hodi. Mtoto amerefuka ghafla, viatu havimtoshi tena, mwalimu wa michezo sekondari amemwambia aje mazoezini, na miaka miwili baadaye kuna makocha wa vyuo vikuu wanataka kuja kukaa sebuleni kwako. Baba aliyekulia kwenye ubishi wa Simba na Yanga, au wa TP Mazembe na Lupopo, anaombwa ushauri kuhusu mchezo ambao bado haelewi kwa nini unasimama kila baada ya sekunde chache.

Nitazungumzia nafasi moja tu: mstari wa mbele wa ushambulizi. Ni wale vijana watano wakubwa wanaosimama mbele ya kwotabeki ili asiangushwe kabla hajarusha mpira: senta katikati, walinzi wa ndani wawili, na walinzi wa pembeni wawili. Hawakimbii na mpira, hawafungi, na jina lao husikika uwanjani pale wanapofanya kosa. Nimewatenga na wengine kwa sababu hesabu yao ni tofauti. Mkimbiaji mwenye miaka 18 anaweza kufika chuoni Juni na Septemba akawa uwanjani. Mlinzi wa mstari wa umri huo atakuta mbele yake mwanamume wa miaka 22 mwenye kilo 140, aliyenyanyua vyuma miaka minne mfululizo. Kwa hiyo swali la kwanza kwake ni nani atakayemlea kwa miaka mitatu bila kumchoka, na ukubwa wa jina la chuo uje baadaye.

Tuchukue kijana wa kubuni. Yuko darasa la 11, ana futi 6 na inchi 5 (sentimita 196), paundi 265 (kilo 120), mikono mirefu, miguu myepesi kwa sababu anacheza pia mpira wa kikapu, na wastani wa masomo wa 3.4 kati ya 4.0. Amepata ofa nne: chuo cha ligi kubwa kama Big Ten, chuo cha ligi ya kati kama MAC, chuo cha FCS (ngazi yenye viwanja vidogo na fedha kidogo), na chuo kimoja cha Ivy (kundi la Harvard, Yale na wenzao) kinachosema "tunampenda sana." Zipo pia njia nyingine ambazo hakuna mtu amempigia simu kuzihusu, nazo tutazipitia.

Neno "ofa" lina uzito gani

Ofa ya mdomo haimfungi mtu yeyote. Chuo cha Divisheni ya Kwanza, daraja la juu la NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, hakiruhusiwi kutoa ofa ya maandishi kabla ya tarehe 1 Agosti ya mwaka wa mwisho wa sekondari. Kusaini kunaanza Jumatano ya kwanza ya Desemba, na dirisha jingine hufunguliwa Februari. Ile barua maarufu ya kitaifa ambayo vijana walikuwa wakiisaini mbele ya kamera ilifutwa Oktoba 2024. Siku hizi kinachosainiwa ni mkataba wa msaada wa fedha kati ya kijana na chuo.

Kabla ya sahihi hiyo, kila upande uko huru, na uhuru huo hutumika kweli. Kadyn Proctor, mlinzi wa pembeni kutoka eneo la Des Moines, alikuwa ameahidi kwenda Iowa. Desemba 2022 akasaini Alabama. Baada ya msimu mmoja akatangaza anarudi nyumbani Iowa, na kabla hajacheza hata mechi moja huko akarudi tena Alabama. Mashabiki walilalamika, lakini sheria haikuvunjwa. Chuo nacho hufanya hivyohivyo, ila kimyakimya: kocha anaacha kujibu ujumbe, ziara inaahirishwa, halafu unasikia nafasi zimejaa.

Kuna pia ofa isiyopokeleka. Vyuo vikubwa hugawa ofa za mstari wa mbele kwa vijana wengi kuliko nafasi walizonazo, kisha husubiri waone nani atakua. Namna ya kuipima ni kumuuliza kocha, mtoto akiwa hapohapo: "Akisema ndiyo leo, mnampokea leo?" Kocha mwenye nafasi atasema ndiyo. Asiye na nafasi ataanza kueleza mengi kuhusu kambi ya mazoezi ya Juni.

Ligi kubwa na chuo cha kati

FBS ni ngazi ya juu ya Divisheni ya Kwanza. Ndani yake kuna ligi nne zenye fedha, yaani SEC, Big Ten, Big 12 na ACC, na ligi nyingine za kati kama MAC na Sun Belt. Kwenye televisheni zinafanana, lakini kwa kijana wetu ni dunia mbili.

Ligi kubwa ina kila kitu. Jengo la mazoezi ni kama hoteli, wataalamu wa lishe wanapima anachokula, madaktari wa goti wapo uwanjani. Tangu hukumu ya makubaliano ya kesi ya House, ya wanamichezo dhidi ya NCAA, iliyopitishwa tarehe 6 Juni 2025, chuo kinaweza kuwalipa wanamichezo wake moja kwa moja, hadi dola milioni 20.5 kwa michezo yote katika mwaka wa masomo 2025-26, na sehemu kubwa huenda futiboli. Kikosi cha futiboli kikawekewa ukomo wa wachezaji 105, na wote wanaweza kupewa skolashipu. Kabla ya hapo skolashipu zilikuwa 85 na wengine walijilipia.

Ukomo huo wa 105 ndio uliobana njia ya zamani ya watu wa mstari wa mbele. Katika vyuo kama Iowa, Wisconsin na Nebraska ilikuwa desturi: kijana mkubwa wa shambani anakuja kwa kujilipia, anakula, ananyanyua vyuma, mwaka wa tatu anapewa skolashipu, mwaka wa tano anaanza mechi. Timu ilikuwa na nafasi ya kumsubiri. Leo kila kiti kina hesabu. Kocha akikwambia "aje tu kwa kujilipia, tutaona," muulize kiti chake kati ya 105 kina uhakika gani mwaka wa pili.

Jambo la pili ni dirisha la uhamisho. Tangu Aprili 2024 mchezaji mwenye alama nzuri darasani anaweza kuhama kila mwaka bila kukaa nje msimu. Kwa kwotabeki hiyo ni habari ya magazeti, ila kwa mstari wa mbele imebadilisha biashara nzima. Kocha wa ligi kubwa akipungukiwa mlinzi wa kushoto Januari, hana haja ya kumkuza mtoto wa miaka 18. Anakwenda sokoni na kumchukua mtu wa miaka 22 aliyeanza mechi 30 kwenye ligi ya kati. Kijana wetu aliyekuwa wa tatu kwenye foleni anageuka wa nne bila kukosea lolote.

Hapo ndipo chuo cha kati kinapopata hoja. Central Michigan iko kwenye MAC, mji wake ni mdogo, baridi yake ni ya kweli, na mechi zake za Novemba huchezwa katikati ya wiki kwa sababu ndizo siku televisheni ina nafasi. Chuo hichohicho kilimtoa Joe Staley, aliyechukuliwa mwaka 2007 raundi ya kwanza ya drafti, yaani uchaguzi wa wachezaji wa vyuo, ya NFL, ligi ya kulipwa, kisha Eric Fisher, aliyekuwa mtu wa kwanza kabisa kuchaguliwa mwaka 2013. Walinzi wa pembeni wote wawili. Baadaye akaja Bernhard Raimann, na kisa chake kinawahusu wasomaji wa hapa kuliko hao wengine. Ni Mwaustria aliyefika Michigan kama mwanafunzi wa kubadilishana, akaingia Central Michigan akicheza nafasi ya kupokea pasi karibu na mstari, akaongezwa uzito na kuhamishiwa ulinzi wa pembeni, na mwaka 2022 Indianapolis Colts wakamchukua raundi ya tatu. Mgeni, aliyechelewa kuanza, aliyebadilishwa nafasi: kijana wetu anajiona hapo.

Hasara ya chuo cha kati ni fedha na uthabiti. Kocha mkuu akifanya vizuri misimu miwili, ligi kubwa inamnyakua, na kocha wa mstari anaondoka naye. Kocha mpya anakuja na watu wake. Ligi kubwa nako makocha hufukuzwa, lakini kuna vyuo vichache vyenye mizizi. Iowa ina kocha mkuu yuleyule, Kirk Ferentz, tangu 1999, na yeye mwenyewe alianzia kazi ya kufundisha mstari wa mbele. Robert Gallery (2004), Bryan Bulaga (2010), Riley Reiff (2012), Brandon Scherff (2015), Tristan Wirfs (2020), Tyler Linderbaum (2022): wote ni raundi ya kwanza, wote ni mstari wa mbele, na kocha mkuu ni yuleyule. Linderbaum aliingia kama mchezaji wa upande wa kuzuia mashambulizi, wakambadilisha kuwa senta. Chuo cha namna hiyo kikisema mtoto atahitaji miaka mitatu, nakiamini. Chuo kilichobadilisha kocha wa mstari mara tatu ndani ya miaka minne kikisema hivyohivyo, sikiamini hata kama uwanja wake unachukua watu laki moja.

FCS: ngazi inayodharauliwa bila sababu

Wazazi wengi wakisikia "FCS" wanadhani ni daraja la pili. Ni Divisheni ya Kwanza ileile, yenye masharti yaleyale ya masomo, ila viwanja ni vidogo na fedha ni kidogo. Skolashipu za kawaida ni 63, nazo zinaruhusiwa kugawanywa vipande, kwa hiyo kijana mmoja analipiwa yote na mwenzake nusu. Vyuo vilivyojiunga na utaratibu mpya wa malipo vimeondolewa ukomo huo, lakini vichache vina fedha za kutoa zaidi. Swali la kuuliza ni asilimia ngapi, na inaongezekaje mwaka wa pili na wa tatu.

Kwa mtu wa mstari wa mbele, FCS ina kitu ambacho ligi kubwa haiwezi kukiahidi: dakika za uwanjani akiwa na miaka 19 au 20. Na maskauti wa NFL wanafika. Trevor Penning wa Northern Iowa na Cole Strange wa Chattanooga walichaguliwa raundi ya kwanza mwaka mmoja, 2022. Grey Zabel aliyecheza North Dakota State alichukuliwa na Seattle raundi ya kwanza mwaka 2025, wa 18 kwa jumla. Kabla yake chuo hicho kilikuwa kimewatoa Dillon Radunz na Cody Mauch, wote raundi ya pili. Terron Armstead alitoka Arkansas-Pine Bluff, chuo cha kihistoria cha Weusi, raundi ya tatu mwaka 2013, akawa mmoja wa walinzi bora wa kushoto wa kizazi chake.

Sisemi kwamba mtoto akienda FCS atafika NFL. Wengi mno hawafiki, popote walipocheza. Ninachosema ni kwamba mlango haufungwi. Zaidi ya hapo, lile soko la uhamisho linalomuumiza kijana kwenye benchi la ligi kubwa linamnufaisha yule aliyeanza mechi 25 FCS. Akiwa mwaka wa nne na video nzuri, ni yeye anayetafutwa, na safari hii anakwenda akiwa na kilo zake na pengine shahada mkononi. Kusugua benchi miaka mitatu kunaacha nini cha kuonyesha? Picha ya jezi.

Kuna kanuni moja muhimu katika hesabu hii. Mchezaji ana miaka mitano ya kucheza misimu minne. Mwaka ambao hachezi, au anacheza mechi zisizozidi nne, hauhesabiwi kama msimu. Huo ndio mwaka wa redishati, na kwa mstari wa mbele ni jambo la kawaida, si adhabu. Mama akisikia mwanawe "hachezi" mwaka wa kwanza asipige simu kwa hasira. Apige mwaka wa tatu.

Ivy na vyuo visivyotoa skolashipu ya michezo

Harvard, Yale, Princeton na wenzao hawatoi skolashipu ya michezo hata senti moja. Baba husikia hivyo na kufunga mazungumzo, kumbe angepaswa kuyafungua. Msaada wao hutegemea kipato cha familia, na familia nyingi zetu, za baba anayefanya kazi kiwanda cha nyama na mama anayehudumia wazee, ziko mahali ambapo msaada huo unafunika karibu kila kitu. Harvard ilitangaza kwamba kuanzia mwaka wa masomo 2025-26 familia yenye kipato cha dola 100,000 au chini hailipi ada, malazi wala chakula, na yenye dola 200,000 au chini hailipi ada. Msaada huo hauna uhusiano na goti. Kijana akiumia wiki ya pili, au akiamka siku moja akasema futiboli imemchosha, anaendelea kusoma.

Ugumu uko kwingine. Alama zinaangaliwa kwelikweli. Wastani wa 3.4 wa kijana wetu unaweza kutosha au usitoshe, kutegemea masomo aliyochukua na mitihani, kwa hiyo kocha akisema "tunampenda sana" mwombe apeleke ripoti ya shule kwa ofisi ya udahili isomwe mapema, halafu akupe jibu. Kocha wa Ivy asiyetaka kufanya hivyo hana nia. Pia kwa kawaida huko hakuna redishati wala mwaka wa tano, mtu anasoma minne na kuondoka. Kwa mwili unaochelewa kukomaa hilo ni pengo, ingawa wengine huhitimu kisha wakatumia msimu uliobaki kwenye chuo kingine wakisoma shahada ya pili. Kiran Amegadjie, mlinzi wa pembeni wa Yale, alichukuliwa na Chicago Bears raundi ya tatu mwaka 2024.

Divisheni ya Tatu nayo haitoi skolashipu ya michezo, na haina utajiri wa Ivy. Ni ya kijana anayetaka kusoma vizuri na kucheza kwa mapenzi. Wapo waliopenya: Ali Marpet wa Hobart alichukuliwa raundi ya pili mwaka 2015, akashinda ubingwa na Tampa Bay, akastaafu mwaka 2022 akiwa na miaka 28 kwa hiari yake. Quinn Meinerz alitoka Wisconsin-Whitewater. Ryan Ramczyk alianzia Stevens Point, akahamia Wisconsin, akaishia raundi ya kwanza mwaka 2017. Lakini hesabu ya fedha ifanyeni kwa makini, maana bei iliyoandikwa na bei mnayolipa hutofautiana sana kati ya chuo na chuo.

Divisheni ya Pili iko katikati: skolashipu 36 zinazokatwakatwa kwa timu ya watu karibu mia. Kijana wa paundi 265 mwenye ofa ya FCS hana sababu ya kushuka huko, isipokuwa chuo kiko dakika 20 kutoka nyumbani na kinatoa asilimia kubwa.

Aliyefika Marekani akiwa na miaka 16

Hapa niwe na muda kidogo, kwa sababu ndipo ndoto za vijana wetu hufia, na si uwanjani.

NCAA hudai masomo 16 ya msingi kwa Divisheni ya Kwanza: Kiingereza miaka minne, hisabati mitatu, sayansi miwili na kadhalika. Kumi kati ya hayo yawe yamekamilika kabla ya kuanza darasa la 12, na saba kati ya hayo kumi yawe Kiingereza, hisabati au sayansi. Wastani usipungue 2.3. Mtihani wa kuingia chuo, SAT au ACT, hautakiwi tena na NCAA tangu 2023, ingawa chuo chenyewe kinaweza kuutaka. Madarasa ya Kiingereza kwa wageni ya ngazi ya chini hayahesabiwi. Kijana aliyeingia darasa la 10 akitokea Nyarugusu au Kakuma, akawekwa mwaka mzima kwenye madarasa hayo, anaweza kuwa na A tupu na bado asifuzu.

Rekodi za shule za kuanzia darasa la 9 zinatakiwa hata kama alisoma kambini. Zilizoandikwa kwa Kifaransa au Kiswahili zinahitaji tafsiri iliyothibitishwa. Anzeni kuzitafuta akiwa darasa la 10, maana mwalimu mkuu wa kambini hajibu barua pepe kwa wiki moja. Na kuna suala la umri. Wakimbizi wengi wameandikiwa tarehe 1 Januari kwenye hati, na majimbo mengi yana ukomo wa umri wa kucheza sekondari. Mwaka ulioandikwa kimakosa unaweza kumnyima msimu wa mwisho, ambao ndio makocha huutazama.

Kwa kijana kama huyo, chuo cha jamii si aibu. Anasoma miaka miwili, anakamilisha alama, anaongeza kilo, kisha anahamia chuo cha miaka minne. Iowa Western ya Council Bluffs imechukua ubingwa wa taifa wa vyuo hivyo mwaka 2012, 2022 na 2023, na makocha wa FBS wanakwenda huko kila mwaka. Ila vyuo vya California vya ngazi hiyo havitoi skolashipu ya michezo, kwa hiyo msije mkavutwa na jua.

Fedha na karatasi za uhamiaji

Mwenye kadi ya kijani na mkimbizi anaruhusiwa kufanya kazi, kwa hiyo anaweza kupokea malipo ya chuo na ya matangazo kama mwenzake Mmarekani. Anaweza pia kujaza FAFSA, fomu ya msaada wa masomo wa serikali, na kuomba ruzuku ya Pell ya familia zenye kipato kidogo, ambayo kiwango chake cha juu mwaka 2025-26 ni dola 7,395. Kwa ofa ya nusu skolashipu ya FCS au Divisheni ya Pili, ruzuku hiyo ndiyo inayoweza kufunga pengo.

Mwenye viza ya mwanafunzi ya F-1, kama wanafunzi wengi wanaotoka Nairobi au Dar, yuko mahali pabaya zaidi. Skolashipu anapokea bila shida. Malipo mengine yanagongana na masharti ya kazi ya viza yake, na kosa hapo haliishii kwenye faini. Asisaini karatasi ya matangazo hata ya mgahawa wa jirani kabla mwanasheria wa uhamiaji hajaisoma, na huyo awe mwanasheria wake, asiwe wa chuo wala wa wakala. Kwake, ofa ya ligi kubwa yenye fedha nyingi inapoteza sehemu ya uzito wake, na ofa ya FCS inayolipa ada yote inapanda.

Vyuo vya kijeshi, yaani Army, Navy na Air Force, ni bure kabisa na hulipa posho, lakini vinataka uraia na miaka mitano ya utumishi baada ya kuhitimu. Mstari wa mbele wa Army ulishinda tuzo ya Joe Moore ya msimu wa 2024, ambayo hupewa mstari bora nchini, kwa hiyo kimpira si mahali pa mchezo. Uamuzi huo ni wa familia na si wa michezo.

Kipimo ninachokiamini

Fungueni tovuti ya chuo, tafuteni kikosi cha miaka mitatu iliyopita. Andikeni majina ya watu wa mstari wa mbele waliokuwa mwaka wa kwanza wakati huo, kwa kawaida ni watatu hadi watano. Kisha fungueni kikosi cha mwaka huu. Wangapi bado wapo? Wangapi wanaanza mechi? Na wale watano wanaoanza sasa, wangapi walilelewa hapo na wangapi wamenunuliwa sokoni mwaka jana? Kazi hii ni ya jioni moja, na inasema mengi kuliko chakula cha jioni na kocha mkuu. Chuo ambacho watoto wanne kati ya watano wameshaondoka kimewaeleza mtoto wenu atakuwa wapi baada ya miaka mitatu.

La pili ni kocha wa mstari mwenyewe: amekaa hapo muda gani, na mkataba wake unaisha lini. La tatu, matibabu. Tangu Agosti 2024 vyuo vya Divisheni ya Kwanza vinatakiwa kugharimia majeraha ya michezo kwa angalau miaka miwili baada ya mchezaji kumaliza, na haviruhusiwi kumkatia skolashipu kwa sababu ya kiwango chake uwanjani. Kwenye divisheni za chini, ulizeni kwa maandishi. Mtu atakayebeba kilo 140 kwa miaka mitano atakuwa na magoti na mgongo wa kuhudumia akifika arobaini.

Kijana wetu wa kubuni

Kama ofa ya ligi kubwa inatoka kwenye chuo chenye kocha wa muda mrefu, na kile kipimo cha kikosi kinaonyesha watatu kati ya wanne wamebaki, ningemwambia aende. Kama ni ya chuo kilichobadilisha makocha mwaka jana, ningechagua FCS inayolipa ada yote kabla ya hicho, na bila kusita. Chuo cha kati kinashinda FCS pale tu ambapo kocha wa mstari ana miaka minne au zaidi hapo. La sivyo ni hatari ileile kwa fedha kidogo. Na kama Ivy imesoma ripoti yake na kusema ndiyo, nafasi hiyo inapita zote tatu kwa familia yenye kipato cha chini, isipokuwa kijana mwenyewe akisema, akiwa ametulia, kwamba anataka NFL na yuko tayari kuikosa. Wapo wazazi watakaonibishia hapa. Najua jezi ya ligi kubwa ina nguvu gani kanisani Jumapili.

Kabla ya kusaini nendeni mkaone. Ziara rasmi hulipwa na chuo, na sheria inaruhusu kulipia wanafamilia wawili waongozane na kijana. Mama aende. Aangalie chumba, aulize nani anawaamsha, akae na wazazi wa wachezaji wa mwaka wa tatu, hata kwa Kiingereza cha kuungaunga. Na kwenye kikao na makocha, kama Kiingereza chenu hakitoshi, chukueni mtu mzima wa jumuiya anayekijua vizuri awe mkalimani. Asiwe kijana mwenyewe. Amekwisha kuipenda jezi, na kocha akisema "mwaka wa kwanza ni nusu skolashipu, mengine tutaangalia," yeye atawageukia na kuwaambia kwa Kiswahili safi kwamba wamesema wanalipa yote.